Ukija, Njoo Kama Mteja

Dada yangu,

Mimi mzima, sijui nyinyi huko. Tangu ile dola kubwa ivunjike, hapa dukani tunashona sare za nchi mpya tu.

Dada, siku hizi aliyezaliwa ng'ambo ya mto, kama sisi, ni mgeni. Fundi viatu wa jirani askari walimpakia kwenye lori na kiatu cha mtu mkononi. Jana wakaingia kwetu. Askari akaniuliza, "We kijana, wa wapi?" Fundi wangu anayenifunza kushona akacheka, "Huyu? Mwanangu wa kumzaa, mvivu kama mama yake!" Mkewe akadakia, "Uvivu kautoa kwako, mzee!" Wakacheka wote. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani.

Askari yule amerudi leo kupimwa suruali, akawa ananitazama tu. Akijua, fundi naye atapakiwa.

Umesema umepata kibali cha kuja kuniona. Basi njoo kama mteja, na nguo ya kupunguza. Usinikumbatie, usilie. Nitakuita "mama" kama wateja wengine. Nitakupima mabega taratibu, nikushike kidogo.

Ni mimi mdogo wako, ila usimwambie mtu.