Kila Kadi Uliandika Usifute

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na mpaka leo hatujamaliza kupanga video zako.

Matanga hayajaisha, Mama akafungua kopo la majani ya chai akakuta memori kadi tisa. Nyingine zilikuwa kwenye soksi, kwenye koti la mvua, na moja ndani ya kiatu chako cha harusi. Arobaini na moja zote. Kila moja uliibandika karatasi: "Kona." "Kona tena." "Kona ile ile." Moja umeandika "Ya jana." Jana ipi, Baba? Na chini ya zote, kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Sababu tunaijua. Gari lilikuparuza ukiwa kwenye baiskeli na shehena ya mikate, dereva akaapa kuwa wewe ndiye uliyemgonga, na shahidi huna. Ukanunua kamera ukaifunga juu ya helmeti. Ukasema, "Sasa shahidi natembea naye kichwani." Kuanzia hapo hukufuta hata dakika moja. Miaka sita, maduka kumi na manne kila asubuhi, nawe ulisimama kwa kila salamu mpaka wenzako wakakuita Breki.

Mama aliomba kitu kimoja tu: akuone tena ukitembea, ukicheka, kabla mwaka haujatimia. Picha tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, umenuna kama uliyenyimwa chakula. Kazi ya kutafuta nikapewa mimi, eti nina subira.

Subira, Baba! Kila nilipotoka kazini nilipitia kwa Mjomba, kwenye duka lake la kuchapisha, nikakaa kwenye kompyuta ya pembeni. Nikaona barabara. Mgongo wa lori. Mbuzi. Barabara. Sauti yako imejaa tele, unasalimia hadi mbuzi, lakini uso haupo. Umepiga dunia nzima ukajisahau mwenyewe.

Na kuzima kamera ulikuwa hujui. Ulifika nyumbani, ukaitundika helmeti msumarini, ikaendelea kupiga ukuta wa jikoni hadi betri ikate roho. Saa nzima, ukuta!

"Futa hizo," akasema Shangazi. "Ukuta si upo? Mama yako akiutaka nitampeleka."

Diski aliyotupatia Mjomba ya kuhifadhia video ilikuwa inajaa. Nikafuta za ukuta, kwenye diski na kwenye kadi. Kila video nilitazama dakika mbili za mwanzo, nikafuta. Kumi na saba.

Ya kumi na nane niliiacha ikienda, nikaenda kumsaidia mteja wa Mjomba. Niliporudi, ulikuwa umesimama mbele ya ule ukuta na fulana yako iliyotoboka, unafuta sahani.

Sauti ya Mama ikauliza, "Hizo kadi zako utazipanga lini?"

"Jumamosi, mke wangu."

"Jumamosi ya mwaka gani?"

Ukacheka, Baba. Ukacheka mpaka pengo likaonekana, sahani ikakuponyoka.

Nilimleta Mama dukani. Aliitazama mara nne. Ndipo nikamwambia kuhusu zile kumi na saba. Akasema, "Mwanangu, si aliandika kwa herufi kubwa?"

Zimebaki kadi kumi na mbili. Hatuzikimbizi tena. Shangazi mwenyewe sasa anavuta kiti, anakaa mbele ya ukuta huo na kusubiri, na mtu akiongea anamnyamazisha. Ile diski nimeibandika karatasi. Unajua nilichoandika.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anadai Jumamosi yake; binti yako mwenye subira; dada yako; shemeji yako wa duka la kuchapisha; na wauza mikate wote kumi na wanne, ambao hadi leo wakisikia kengele ya baiskeli hutoka mlangoni.

Pumzika, Breki. Hatukusahau, wala hatufuti tena.