Mpaka Mbalamwezi Ijayo

Ng'ambo, 22 Julai 2024

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima. Mtandao hakuna, kwa hiyo barua hii anakuletea Leonardi, nahodha wa boti.

Kijiji kile ulichofundishia ujanani hapa Kongo ndicho nilichopangiwa kufundisha. Bado masomo ni siku za mbalamwezi, wavuvi wanapolaza taa na watoto hawana dagaa wa kuanika. Jana niliwasimulia mwana mpotevu. Nilipofika pale baba yake alipomkimbilia, darasa zima likapiga kelele: "Hapana, mwalimu! Angali njiani!" Nikawaonyesha Biblia. Binti mmoja akanicheka: "Kitabu chako kina haraka. Bibi Melania amesema hajafika."

Huyo Melania ndiye anayewafundisha. Unamfahamu?

Mwanao,
Skolastika

Kasingirima, 3 Agosti 2024

Mwanangu Skola,

Marahaba. Kifua kiko vilevile. Uji unapita, ugali hapana. Hadithi ile niliiacha katikati, nikazuiwa kurudi na vita, kama nilivyowaambia siku zote. Wamalizie wewe. Vaa sweta, upepo wa ziwa si wa kuchezea.

Baba yako

Kasingirima, 9 Agosti 2024

Mwanangu Skola,

Hujambo? Sijangoja jibu lako. Daktari amezungumza na mimi kwa upole mno, nikaelewa.

Nilikudanganya. Vita vilikuja miaka kumi na zaidi baadaye. Mwaka 1983 Melania alikuwa na miaka minane, yatima, akilala jikoni kwa watu. Alikuwa wa kwanza kufika darasani na wa mwisho kuondoka. Nilimwambia, "Mbalamwezi ijayo nitakuja kukuchukua, ukasome Ujiji, uwe mwanangu." Alitaka kujua kama yule mwana alipokelewa. Nikamwambia mwisho wake nitamsimulia tukiwa botini.

Mbalamwezi ikafika. Ziwa lilikuwa shwari, nauli ninayo, gauni lake nimelifunga kwenye gazeti. Nilikaa bandarini Kibirizi nikalitazama boti likiondoka. Nilikuwa nimemposa mama yako, nikaogopa kumwambia kwamba naingia kwenye ndoa na mtoto mkononi. Usimlaumu marehemu, hakuulizwa. Labda angekubali. Hilo ndilo linalonila.

Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, na kila daftari la msichana nililosahihisha nimetafuta mwandiko wake, ambao hata siujui, maana hatukufikia kuandika.

Mwombe anisamehe. Mwambie mwana alifika, na baba yake alimkimbilia. Nimeuandika mwisho wote katika karatasi ya pili, umsomee.

Baba yako

Ng'ambo, 24 Agosti 2024

Baba, shikamoo. Nimelia, kisha nimekukasirikia, kisha nimelia tena. Sasa nakuandikia.

Nilimsomea Melania barua yako akiwa anachambua dagaa. Hakuacha kazi. Alisema kila mbalamwezi alikuwa akishuka ufukweni na kitenge chake kimoja amekifunga, mpaka watoto wenzake wakamwita "Bibi Harusi wa Boti". Watoto wa hapa alianza kuwafundisha kwa kichwa, maana kusoma hajui.

Nilipotoa karatasi ya pili akanishika mkono. "Ikunje, mdogo wangu. Sisamehe kwa karatasi. Aliniahidi kwa mdomo, aje na mdomo."

Nikamwambia huwezi hata kufika mlangoni. Akachambua dagaa wengine. Halafu: "Basi nitakwenda mimi. Lakini mwambie ni mbalamwezi ijayo. Mimi niliambiwa hivyo, nikasubiri. Sasa zamu yake."

Nilimsihi tuondoke kesho. Amekataa. Lakini leo nimemkuta anafua kitenge.

Baba, subiri.

Mwanao,
Skola

Kasingirima, 12 Septemba 2024

Wanangu,

Hamjambo? Mkono hautii, anaandika Wilfred wa jirani.

Melania ana haki. Nimeomba kitanda kisogezwe dirishani. Jana mwezi ulifika nusu. Uji sasa ni vijiko viwili, navimaliza.

Gauni lile bado ninalo, lingali kwenye gazeti lake. Halitamtosha. Skola, mwambie alichukue hivyo hivyo.

Watoto wakimuuliza habari za yule baba, awaambie angali anaangalia njia.

Ningali.

Baba yenu