Sanduku la Fomu Wani

Jumamosi, 23 Agosti

Leo nitaandika yote, hata yale ambayo sikuyahisi.

Dada Nafula, binti wa shangazi, aliye mwaka wa pili chuoni, alikuja kutoka Burumba kunishauri kabla sijaanza chuo. "Kule hakuna kengele," alisema. "Usipoingia darasani hakuna mtu atakutafuta." Niliitikia tu. Nilipaswa kuogopa, au kufurahi. Sikuhisi chochote.

Kisha akaliona sanduku langu la chuma, nililoanza nalo sekondari. "Wewe, hilo si ni la fomu wani? Watu wa chuo wanabeba begi. Watakucheka mpaka Krismasi."

Baba alikuwa amechuchumaa papo hapo, brashi mkononi. Alikuwa amefuta jina la shule na sasa anaandika la chuo kwa rangi nyeupe.

"Begi haina kufuli, mama," aliniambia mimi bintiye, si Nafula. "Hili hata mwizi wa Malaba atachoka nalo."

Akaendelea kuandika, polepole kuliko mwanzo.

Rangi bado haijakauka. Jumatano ananisindikiza chuoni.

Wewe, mimi wa mwezi ujao, ukifungua ukurasa huu huko chuoni nijibu hapo hapo: uliingia na sanduku getini, ama ulimwacha Baba arudi nalo nyumbani?