Wenzako Hawakusimama

Baba,

Koti lako limerudi nyumbani. Lile la kijivu la kazini, lenye mfuko uliochanika ukaushona kwa uzi mweusi. Nimelitundika nyuma ya mlango hapa Huruma, kwenye msumari wako ule ule, na tangu jana kila nikiingia ndani moyo unanipasuka, kwa sababu naona kama umesimama pale.

Nitakueleza lilivyorudi. Wacha kwanza nitulie. Nimekalia kiti chako. Jirani wa juu bado anakokota meza, na hupo kumgongea dari kwa fagio.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituletea majina ya kazi yako, kama mtu anayerudi na mkate? Nilipokuwa mdogo ulikuwa ofisi boi. Boi, na mvi zimeshaanza! Halafu ukawa mesenja, ukafurahi, kwa sababu mesenja angalau hutoka nje akaona jua. Akaja meneja mwingine, mkawa sabodineti stafu nyote, yaani watu wa chini, wa chai, wa fagio, wa lango. Hilo ulilichukia. Ulisema linakaa jina la ugonjwa. Mwishoni mkaitwa sapoti stafu. Jioni hiyo ulivua akala zako za tairi mlangoni, ukajitupa kwenye kiti hiki, ukasema, "Nafula, nimepanda cheo tena. Birika ni lile lile." Tulicheka mpaka ukashikwa na kikohozi, na wakati huo hatukujua kikohozi hicho kilikuwa kinakupeleka wapi.

Kiingereza chote hicho, Baba, na hakuna neno hata moja lililokupunguzia ngazi za kupanda. Uliendelea kutembea mpaka mjini kwa akala zako za soko la Kariokor, viatu vya ngozi umevibeba kwenye mfuko wa karatasi, ukavivalie mlangoni mwa ofisi. "Mesenja haingii na vumbi," ulikuwa ukisema. Hata walipokubadilishia jina, wewe mwenyewe ulijiita mesenja.

Sasa nikwambie ya mazishi yako, maana ulikuwepo lakini hukusikia.

Kamati ilikaa hapa hapa sebuleni, watu wakajaa mpaka kwenye korido. Tulipofika kwenye kijitabu cha programu, Wafula akakataa. Unamjua mwanao. Tangu aingie kazi ya bima anatembea kama aliyemeza rula. Akasema, "Mbuyu, mzee wetu, hawezi andikwa mesenja. Bosi wangu atakuwa hapo, wakwe watakuwa hapo. Wekeni Administreta." Nikamwambia huyo Administreta mimi simjui, mimi namzika baba yangu. Tulizozana mpaka mchungaji akaanzisha wimbo. Ulipoisha watu walikuwa wamechoka, shangazi akaniomba nimwache kaka yangu aomboleze anavyojua, na neno lake likapita.

Basi tukakuzika Bungoma, kando ya Mama, ukiwa Administreta. Programu ilikuwa ya rangi, nzuri, sitasema uongo. Emsii akaita makundi moja moja yaje mbele yatoe rambirambi, kama ilivyo kawaida: majirani wa Huruma, wakwe, watu wa kanisa. Kisha akasoma, "Wenzake wa Administresheni, tafadhali wasimame." Hakuna aliyesimama. Akarudia. Hema lilikuwa linapigwapigwa na upepo tu. Akasema, "Naona ofisi haikutuma mtu," akaendelea na wajomba.

Niliumia, Baba. Nilitazama jeneza lako nikawaza miaka yote ile ya kubeba mafaili na vikombe, halafu asipatikane hata mtu mmoja wa kupanda gari aje akuzike. Wafula alikuwa anasaga meno. Nilirudi Nairobi nikiwachukia wote, hata wale ambao ulikuwa ukituletea vituko vyao kila jioni.

Jana Mama Shiku akabisha hodi. Yule wa fagio, uliyekuwa ukimmiminia chai ya tangawizi kabla hata ya meneja. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa namjua kwa kicheko chake tu, vile ulivyokuwa ukikiiga. Lakini jana hakucheka; alijitaja jina. Alikuwa amebeba koti lako uliloliacha ofisini, ndani ya leso ya kujifunga, limefuliwa, limepigwa pasi, vifungo vyote vipo.

"Tulikuja kumzika, Nafula," akasema. "Mimi, Mutiso wa lango, na wale wa jikoni. Tulisafiri usiku kucha. Tulikuwa tumekaa nyuma kabisa, kwa migomba."

Nikamuuliza mbona hawakusimama.

Alinishangaa. "Si waliita watu wa administresheni? Hao ni wakubwa. Sisi ni sabo, watu wa fagio na lango. Tulikuwa tunangoja kuitwa."

Walikuwa wanangoja kuitwa, Baba. Walikuwa pale pale, nami nawalaani.

Walitaka kulitandika koti juu ya jeneza, kisha Mutiso aseme maneno mawili. Alikuwa ameyafanyia mazoezi garini njia nzima. Waliposikia wajomba wameshaitwa, wakaona labda familia imepanga hivyo, wakaona haya kutusumbua mbele ya wageni wenye tai. Wakatupa udongo wao pamoja na watu wengine, wakapanda gari, wakarudi na koti.

Nililia mbele ya mgeni wangu mpaka chai ikafurika jikoni. Mama Shiku ndiye aliyeinuka kuzima jiko, na ndiye aliyemimina, akanipa kikombe mkononi kana kwamba hapa ni kwake.

Leo asubuhi nilimpigia Wafula simu aje. Fundi wa kaburi anataka maneno ya jiwe, na Wafula alikuwa ameshamtumia lile lile, Administreta. Alipofika sikumkaribisha kiti. Nilimweleza yote akiwa amesimama, nikamwonyesha koti. Akalishika, akalinusa, lakini lilikuwa linanukia sabuni tu. "Kwani walikuwa hapo, siz? Hapo hapo?" Akaketi sakafuni na suruali yake ya kazini, akalia kama mtoto. Nimemsamehe nusu. Hiyo nusu nyingine bado, na usinisukume.

Aliponyamaza aliniuliza kwa sauti ndogo tuandike nini. Nikamwambia mwenye jina alishajiita. Akachukua simu, akamwandikia fundi mbele yangu, akanipa nisome kabla hajatuma.

Ningetaka kukwambia kwamba sasa nina nafuu. Sina. Nikisikia mtu anapangusa vumbi mlangoni naacha ninachofanya. Akala zako ziko chini ya kitanda, sijapata moyo wa kumpa mtu.

Pumzika, Baba yangu. Jiwe litasema Mesenja. Na nakuahidi, siku ya kuliweka, kabla ya mchungaji, kabla ya wakwe, nitasimama mimi, bila programu mkononi, na nitawaita kwa majina: Mama Shiku. Mutiso. Watu wa jikoni. Watakuja mbele na koti lako, Mutiso atasema maneno yake, na sisi wengine wote tutangoja mpaka amalize.

Binti yako,
Nafula