Ngiri Iliyokataa Kurudi

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kwa kalamu nyekundu, na najua tayari umekunja uso. Ulizoea kusema kalamu nyekundu ni ya kutukana watu kwa maandishi. Lakini ndiyo iliyo mkononi. Nimetoka tu kusahihisha insha za kidato cha pili hapa Kitale, na nikiinuka kutafuta nyeusi nitakutana na vyombo vya tangu jana na barua hii haitaandikwa. Vumilia. Hii kalamu ina kazi nyingine pia, nitaifikia.

Nataka tuongee mambo ya ngiri. Usianze kucheka. Ulicheka vya kutosha ukiwa hai, mpaka mshono ukakuuma na nesi akakugombeza, na mimi nimekaa kando ya kitanda nikiangalia viatu vyangu. Leo ni zamu yangu kusimulia, na kwa mara ya kwanza huna namna ya kunikatiza.

Kwa wale watakaoisoma barua hii na hawakukujua: ulikuwa mkulima wa miwa na mahindi kule Kabuchai, Bungoma. Tangu Mama atangulie ulikaa na ng'ombe wawili na redio moja. Mimi kifungua mimba wako nikawa mwalimu wa Kiswahili, na Mungu anisamehe, hiyo kazi sikuwa naiacha shuleni. Ulisema, “Ng'ombe imelala,” nikasema, “Ng'ombe amelala, Baba.” Ulisema, “Kuku imetaga,” nikasema, “Ametaga.” Ulisema “kuludi,” nikasema “kurudi,” na nikakufanya urudie kama mtoto wa chekechea. Siku moja ukanigeukia.

“Nekesa, ng'ombe imelala ama amelala, maziwa si ni ile ile?”

“Ni yale yale,” nikasema.

Ukatoka nje ukaenda kuongea na ng'ombe.

Sasa, ile Jumamosi. Nilikuwa shuleni, kidato cha nne walikuwa na masomo ya ziada. Saa nne asubuhi simu ikalia, na wewe hukuwa mtu wa kupiga simu, ulikuwa mtu wa kupigiwa. Nikatoka nje ya darasa na chaki mkononi.

“Nekesa, ngiri imetoka.”

Hata salamu hakuna. Nami mtoto wako mpendwa nikakujibu nini? Nilikuuliza uko salama? Wapi!

“Ngiri ametoka, Baba.”

Nilisikia unahema.

“Imetoka,” ukasema. “Na leo imekataa kuludi.”

“Kurudi.”

“Nekesa!”

“Haya, pole. Ngiri, Kabuchai? Ametokea wapi, Mlima Elgon?”

“Imetokea pale pahali yake. Siku zote ikitoka, nikilala inaingia yenyewe. Ama naisukuma na mkono, polepole. Leo nimesukuma, imekataa kabisa. Na inaniuma sana.”

Baba, hebu kaa mahali pangu. Nilimwona ngiri mzima, na yale meno yake yamepinda. Nikakuona wewe unamsukuma matako kwa mkono, polepole, arudi kichakani. Na si leo tu, siku zote! Nikasema moyoni, upweke umemfikisha mzee wangu pabaya, anafuga ngiri na hajatuambia.

“Amekuuma wapi?”

“Chini.”

“Mguuni?”

“Panda juu.”

“Gotini?”

“Panda.”

“Ngiri amekuuma paja, Baba?”

“Wachana na hiyo,” ukasema, kama mtu aliyeona kwamba yeye na bintiye wamepanda kiasi cha kutosha. “Zamani ilikuwa kama yai. Saa hii ni kama embe, na ngumu kama jiwe. Nimetapika mara tatu. Tumbo imejaa, hata hewa haipiti.”

“Ni mshtuko huo! Jifungie ndani ya nyumba, usitoke!”

“Nitajifungia aje na iko na mimi?”

“Yuko ndani ya nyumba?”

“Iko na mimi, Nekesa!”

Na simu yako ikazima, maana hata siku moja hukuichaji ikajaa.

Nikaingia chumba cha walimu mbio nikitangaza kwamba baba yangu ameumwa na ngiri na wamejifungia naye ndani. Mwalimu wa Biolojia akasema hapo lazima sindano za kichaa cha mbwa. Mwalimu wa dini akasema tushikane mikono kwanza, na tukashikana, Baba. Watu wazima saba, macho tumefunga, tunamsihi Mwenyezi Mungu ngiri atoke. Kumbe ilikuwa imetoka tayari, hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Mtu akanipa namba ya afisa wa wanyamapori. Akapokea mwanamume mpole, lafudhi ya Pwani kabisa. Nikamweleza. Akauliza mnyama ni mkubwa kiasi gani.

“Amesema zamani alikuwa kama yai, sasa ni kama embe.”

Ni baada ya kujisikia nikiyatamka hayo maneno ndipo nilianza kushuku kitu.

“Mwalimu,” akasema, “kazi hii nimeifanya miaka mingi. Ngiri wa ukubwa wa embe sijapata kumwona. Hebu nikuulize, baba kasema ngiri ametoka au ngiri imetoka?”

“Imetoka, lakini huyo hata ng'ombe—”

“Na siku nyingine akilala hurudi yenyewe?”

“Ndiyo.”

“Leo haikurudi, imekuwa ngumu, yamuuma, naye atapika?”

“Ndiyo.”

“Mama, hiyo ngiri haiko shambani. Imo ndani ya suruali.”

Baba, nilikaa chini pale kwa sakafu. Ngiri! Neno ambalo nilikuwa nimeliandika ubaoni wiki hiyo hiyo, kwenye somo la vitawe, yale maneno yenye maana zaidi ya moja. Ngiri, moja, mnyama wa porini. Ngiri, mbili, ugonjwa wa utumbo kutokeza kwenye kinena. Wanafunzi walinakili wote, mwalimu ndiye hakuelewa. Sisi huku tunasema henia, tena kwa kunong'ona. Wewe ulikuwa umechagua neno la heshima la kumwambia binti yako kitu ambacho mzee hamwambii binti, na binti akakupigia watu wa tembo.

Yule afisa hakucheka. Akaniambia taratibu, “Ikiwa yarudi, mtu ana nafasi ya kupanga siku ya kushonwa. Ikinaswa ikakataa, nafasi hana. Utumbo umejinyonga humo. Ami yangu alisema atangoja kupambazuke, na kulipopambazuka hatukuwa naye tena. Asile, asinywe, mtu asimsukume wala kumkanda. Mpelekeni leo hii penye daktari wa kupasua.”

Nikampigia Mama Naliaka, jirani yako. Akapokea akiwa mlangoni pako na sufuria ya maji moto, chupa ya mafuta ya kupikia na kikombe cha chai.

“Nataka kumkanda tu kidogo, hiyo kitu iludi.”

“Mama Naliaka, weka mafuta chini!”

“Na chai?”

“Hata chai!”

“Woi, hata chai?” Hapo ndipo alipoogopa kweli. Mgonjwa wa kunyimwa chai hakuwa amemwona.

Ukabebwa kwa pikapu ya mume wake, ile ya kuku, wewe umelala kwa godoro katikati ya matenga ukilaani kila shimo kwa jina lake, hivyo ndivyo Mama Naliaka alivyonisimulia. Mimi nikashuka kutoka Kitale, na njia nzima sikuwaza kitu kingine ila zile silabi mbili, a-me, i-me. Niliwaza ukifa, neno la mwisho nililokwambia litakuwa sahihisho.

Nilikuta mmefika hospitali ya Lugulu muda si mrefu. Ulikuwa umelala kitandani, umegeukia ukuta, umeshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili. Daktari alikuwa msichana, pengine hajafika miaka thelathini.

“Amekataa nimwangalie,” akaniambia.

“Huyu ni lika ya mjukuu wangu,” ukauambia ukuta. “Mlete mwanaume.”

“Mzee, daktari wa kupasua leo ni mimi,” akasema. “Utumbo umekabwa shingo humo ndani, damu haiufikii. Tukiendelea kubishana utaoza, na ukioza, wewe ndiye utakayefuata. Ilianza saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili.”

“Na ukamwambia mtu saa nne? Masaa manne ulikuwa unafanya nini?”

Ukageuka, lakini hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. “Nilikuwa natafuta maneno,” ukasema. Tukadhani ni maumivu yanaongea.

Jasho lilikuwa linakutoka hadi shingoni, midomo imekauka, na bado ukapata nguvu ya kuweka masharti.

“Nitatoa suruali. Lakini Nekesa aseme kwanza. Ni ametoka ama imetoka?”

Mbele ya daktari, manesi wawili, Mama Naliaka na kuku mmoja aliyekuwa amefuatana na godoro.

“Imetoka, Baba.”

“Nani alikosa?”

“Mimi.”

“Sauti.”

“Mimi, Baba! Mimi ndiye nilikosa! Toa hiyo suruali usife, tafadhali. Nitaacha ng'ombe zote zilale vile zinataka!”

Nilikuwa nalia kwa sauti, sikuona haya. Ukaniangalia, ukalegeza mshipi mwenyewe, ukamwambia daktari, “Haya, mjukuu. Funga macho kidogo.”

Alipotoka chumba cha upasuaji alitueleza kwamba utumbo ulikuwa umekuwa mweusi-mweusi. Aliufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu akasimama akiungoja, mpaka rangi ikaanza kurudi. Ungekawia kidogo tu, angekata kipande, au asikute cha kuokoa. Nikamkumbatia mtoto wa watu mpaka kofia yake ikaanguka.

Ukaishi miaka sita zaidi, na hiyo miaka sita hakuna aliyepumzika. Mtu aliyeficha uvimbe kwenye mkunjo wa paja miaka minne sasa akawa anauhubiri matangani, kwa wazee, kabla hata ya marehemu kusomewa wasifu. Wanaume walikuja Kabuchai hata kutoka Kibabii, wanajifanya wanauliza bei ya miwa. Unawavuta kando ya zizi. “Inaludi ama imekataa?” Akisema inarudi, unamwambia wiki hii aende apimwe, apangiwe kushonwa, asingoje yake ikasirike. Akisema imekataa na inauma, ulikuwa tayari unapiga kelele pikapu iletwe, na kuku washushwe.

Mwaka jana ukatuacha, usingizini, kwa uzee wako tu, ngiri haikuhusika. Nimekukosa sana, Baba. Nakukosa hasa Jumamosi saa nne, simu yangu inakaa kimya mezani na mimi naiangalia.

Wiki iliyopita nilienda kusafisha nyumba yako. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kulikuwa na kalenda ya kanisa, ya mwaka ule wa upasuaji. Nikaitoa niikunje niitupe. Upande wa nyuma kuna mwandiko wako, wa penseli, umelala upande kama umeandikwa na mtu aliyejinyoosha kitandani.

*Ngiri ametoka.* Umekata.

*Ngiri imetoka.* Umepigia mstari, na kando umeandika: *dakitari wa ledio anasema hivi.*

*Ngiri yangu imetoka na imekataa kuludi.* Ile l umeifuta mpaka karatasi ikatoboka, juu yake ukaweka r.

Na chini kabisa: *Usiseme kuludi.*

Nilikaa kwa kitanda chako. Masaa manne, Baba. Utumbo unajinyonga, unatapika, uko peke yako, na wewe umeshika penseli unafanya mazoezi ya sentensi moja ili mtoto wako asikusahihishe. Na ulipoisema, nikakusahihisha. Nikasahihisha ile sentensi moja ambayo ulikuwa umeipata. Watu husema ngiri ilikaribia kukuua. Hapana, ni mimi. Nisamehe.

Siku hizi mtu akinipigia kutoka nyumbani, aseme vile anasema. Nauliza kwanza, inauma wapi?

Kalenda ninayo hapa mezani. Nimekuambia hii kalamu nyekundu ina kazi nyingine. Nimeipitia kazi yako mstari kwa mstari, nikakuwekea tiki moja kubwa mpaka wino ukatokea upande wa pili, kwenye picha ya kanisa. Umepata yote.

Pumzika, Baba. Ng'ombe imelala.

Mimi binti yako, yule aliyekosa,
Nekesa