Vibanio vya Bi Nerys

Lowri, mwenzio leo nimejiaibisha.

Ule utepe wa mpira ulioshika karatasi ya njia kwenye usukani wa baiskeli umekatika pale mji mdogo wa Tregaron, msafara wetu uliposimama kunywa supu. Nikaona kamba ya nguo uani. Nikachomoa vibanio viwili, nikabania karatasi yangu.

Viwili tu jamani.

Kugeuka, shuka jeupe la Bi Nerys, mpishi wetu, liko topeni. Nikalitundika hivyo hivyo na matope yake kwa vibanio vilivyobaki, nikaingia ndani kama si mimi.

Nikanywa supu yake. Lowri, nikaongeza na bakuli la pili.

Natoka, namkuta kainamia usukani wangu, anavitazama vibanio vyake.

"Mwanangu, huko mlimani kuna upepo. Viwili havitoshi."

Akachomoa cha tatu kwenye shuka lile lile, akanibania mwenyewe.