Vipande vya Mshazari

Morogoro, Jumamosi

Kaka yangu mpenzi Benedikto,

Sasa hivi tu mpwa wako Anastasia ameikalia karatasi ya kwanza ya barua hii, akaikojolea, kisha akajipigia makofi. Nimemfuta, nimemrudisha mkekani, nami naanza upya kwenye karatasi ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, kwa hiyo utanisamehe kwa herufi ndogo.

Shikamoo kaka, ni mimi mdogo wako Paskalia. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na wifi Regina? Mguu wake alioutegua kisimani umepona? Sisi huku hatujambo, ila Anastasia anaota meno na anauma kila kitu, hata bega langu nikimbeba. Ndizi ulizompa mchuuzi wa Mkuyuni zilifika, nusu zimeiva kupita kiasi, tukazila hivyo hivyo. Ahsante sana.

Umeniuliza ninazitoa wapi nakshi zote zile za shuka la viraka, maana Padre wa huko Matombo amekuagiza mlango wa vipande vya mbao za rangi mbili, nawe umechoka kurudia ua lile lile. Kaka, sizitoi mahali. Vipande ni vya namna mbili tu. Kimoja ni mraba mzima. Cha pili ni mraba uliokatwa mshazari, pembe hadi pembe, nusu nyeupe ikashonwa kwa nusu nyeusi. Basi. Kinachobaki ni kuvigeuza. Navitandaza mkekani kabla ya kugusa sindano, nageuza kimoja, natazama, nageuza kingine. Weusi wote ukielekea katikati, unapata jicho. Ukielekea upande mmoja, unapata safu za milima. Kila kimoja kikimfukuza mwenziwe, vinne vinazunguka kama pia ya watoto. Weusi ukikutana ncha kwa ncha, unapata ngoma iliyobanwa kiuno. Vipande ni vile vile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Agnes, ambaye nashona naye hapa kwa Masista, kila nakshi anaipa jina lake. Zile safu za milima alisema si milima, ni meno ya mama mkwe wangu nikichelewa kurudi kutoka mtoni. Sista mkubwa akatuuliza tunacheka nini, Agnes akamjibu kwamba tunasali kwa furaha.

Angalia jambo moja, kaka. Ukingo wa mshazari unavutika. Mwanzoni niliukaza kama ninavyokaza pindo, shuka likanuna lote, likatoa matuta kama shamba la viazi, Sista akanifumulisha. Mbao zako hazivutiki, lakini usisahau kuacha nafasi ya kuunganishia, la sivyo ncha zitamezwa na milima yako itakuwa vichuguu.

Sasa habari za Andrea. Unajua mume wangu alivyochukuliwa na msafara wa mizigo kwenda Mahenge wakati wa vita, mimi nikiwa na Anastasia tumboni. Vita vimekwisha, wapagazi wengine wamerudi, yeye bado. Yunusi mwuza chumvi alipita hapa masika haya, akasema kule Ifakara alimwona mtu wa Uluguru mwenye kovu la jembe juu ya nyusi, anachechemea, anangoja mguu upate nguvu ndipo ashike njia. Andrea ana kovu hilo, wewe ndiwe uliyemfunga jeraha. Mama mkwe akasema Yunusi kwa sahani moja ya ugali atamwona hata marehemu babu yake. Leonard, mdogo wake Andrea, akasema hata yeye ana kovu, mbona hakuonekana Ifakara. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Mama mkwe hana ubaya nami. Anachotaka ni nisitoke mikononi mwake, na mjukuu asitoke. Ndiyo maana anataka Leonard anirithi. Padre wetu wa hapa amekataa, amesema hamfungishi ndoa mke wa mtu mpaka kuwe na ushahidi wa kifo. Mama mkwe akarudi nyumbani akafikiri, kisha akaja na kaniki mpya, nguo nyeusi tii, haijafuliwa, bado inaacha rangi mikononi. Akasema nivae, nikae matanga kama wajane wote. Mke mwenyewe akishavaa kaniki ya msiba, alisema, Padre atataka ushahidi gani mwingine? Nilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Tangu siku hiyo kila akiniuliza, namjibu imo sandukuni, nangoja mavuno yaishe.

Haimo sandukuni, kaka. Sista alitugawia mabaki ya kitambaa cheupe cha amerikani tu. Ule weusi uliousifu nilipokutumia kile kipande, ukauliza nimeununua kwa nani, ndio kaniki hiyo. Niliikata yote kwa mkasi wa Sista, mraba baada ya mraba, na kila mraba nikaukata mshazari, ili asipatikane mtu wa kuiunganisha tena ikavalika. Sikuwa na hasira. Niliona tu kwamba nguo ikikaa nzima, iko siku watanishika wanivike. Na shuka lenyewe ni la kitanda cha watu wawili. Agnes aliniuliza pana hivyo la nini, nikamwambia mtoto anajigeuza sana.

Kwetu mwenye neno juu yangu na juu ya Anastasia ni wewe, mjomba wake. Mtoto hufuata ukoo wa mama, ni wetu, si wao. Kwa hiyo nakuomba, wakikuletea jembe au mbuzi wa kurithi, usipokee, hata wakikusifu vipi. Na ukiweza ushuke, ukae nami siku watakayokuja baada ya mavuno, maana nikisema peke yangu watasema ni kusoma kidogo kumeniharibu. Sina ushahidi kwamba Andrea yu hai, nina maneno ya mwuza chumvi tu. Lakini wao nao hawana wa kufa kwake, ila mimi nikivaa.

Nisalimie sana wifi Regina, umwambie asibebe ndoo mpaka mguu ukubali. Nisalimie mama mdogo Magdalena, mbegu zake za maboga zimeota zote, hata zile alizosema zimekufa. Mpe Padre heshima zangu, na usiache kunichorea huo mlango ukisha

Agnes ananiita. Anasema nitoke, mama mkwe yuko uani na Leonard na wazee wawili. Hawakungoja mavuno, na mama ameshauliza mbona sijavaa. Nimemwambia Agnes awape maji ya kunywa kwanza. Barua hii haitakuwahi, kaka. Anastasia namfunga mgongoni, shuka nimelikunja, nakwenda nalo. Nitalitandaza mbele yao mimi mwenyewe na nitamwambia, mama, kaniki yako ndiyo hii, na mwanao Andrea akirudi